Sufuria ya Gerezani Iliyokwenda Bombay

Saa moja na nusu asubuhi, Pantaleo Chilumba anachekecha mchanga. Amejifunga gunia kiunoni, amechuchumaa katika kiwanja kidogo nyuma ya karakana za reli, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na anautikisa wavu polepole mpaka vumbi jeusi linampanda viwikoni. Mchanga huu ni laini, umetoka Bonde la Msimbazi. Anaunyunyizia maji, anaufumbata kiganjani, anauvunja, anaunusa.

Mchanga uko tayari. Kitu cha kumimina humo ndicho hakuna.

Tanuru lililo nyuma yake halijawaka tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Kuku wa jirani ametaga ndani yake mayai mawili, na Pantaleo hakumfukuza.

"Mchanga wa kusubia ukiuacha siku tatu bila kuugusa, umekufa," anasema bila kuinua macho. "Unabaki wa kujengea choo. Ndiyo maana nauchekecha. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Haya, mwache aseme."

Pantaleo ana miaka 52 na kazi yake ni kusubu sufuria: anayeyusha alumini chakavu, pistoni za malori na vipande vya injini, kisha anamimina kwenye kalibu aliyoitengeneza kwa mchanga. Kama umekula wali wa harusi Kariakoo katika miaka kumi hii iliyopita, ndugu msomaji, basi yaelekea umekula kutoka mkononi mwake, ingawa hukumjua.

Sasa amepewa mpaka Jumamosi aamue kama tanuru hili litawaka tena au la.

Anayesubiri jibu ni Bwana Kishor, mfanyabiashara wa vyombo wa Mtaa wa Msimbazi. Bwana Kishor anamtaka aache kusubu, akakae kwenye mzani mbele ya ghala lake na kununua alumini chakavu kwa wananchi. Mshahara ni shilingi 1,400 kwa mwezi. Mwezi uliopita tanuru lilimpa Pantaleo shilingi 460, na ana watoto watano na chumba cha kupanga.

"Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza," anasema. "Kwa hiyo usiniulize kwa nini bado nafikiri. Mimi mwenyewe sijui."

Alizaliwa karibu na Masasi. Kusubu alijifunza akiwa kijana katika karakana ya wamisionari, kwa fundi mmoja aliyekuwa akimpiga kofi kila kalibu ilipopasuka. Mwaka 1959 alipanda meli Lindi akaja Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Alibeba magunia miaka kumi na miwili. Mwaka 1971 yeye na wenzake sita wakapata kiwanja hiki, wakajenga tanuru kwa matofali ya kuokota, na baadaye wakajiandikisha kuwa ushirika.

Kisha ikaja ile miaka ambayo sote tunaijua, ya kulala kwenye foleni ya sabuni, na ya duka la kaya lenye rafu tupu na karani anayesinzia. Mtu aliyetaka sufuria mpya alikuwa na njia mbili: ajuane na mkubwa, au aje Gerezani.

"Tulikuwa tunatoa sufuria sitini kwa wiki," anasimulia Shaibu Kalanje, Myao wa Tunduru, ambaye ndiye mwenzake pekee aliyebaki kati ya wale saba. "Akina mama walikuwa wanapanga mstari toka hapo mpaka barabarani. Huyu Mmakua akajiona waziri. Ukimwamkia, anakuuliza una miadi?"

"Na wewe Myao ulikuwa unawauzia mstari," Pantaleo anamjibu mtani wake. "Kila aliye mbele ni shangazi yako. Mtu gani ana mashangazi arobaini?"

Wanacheka wote wawili. Ni kicheko pekee ambacho mwandishi alikisikia kiwanjani hapo kwa siku tatu.

Wakati huo hata viongozi walikuwa wakifika. Mmoja alikuja na mpiga picha, akainua sufuria juu ya kichwa chake na kuwaambia wananchi kwamba huko ndiko kujitegemea. Aliondoka na sufuria ile. Shaibu anakumbuka kuwa ilikuwa namba kumi, yenye kifuniko.

Sufuria zao zilikuwa na alama. Mwaka 1976 Shaibu aliangusha ile wanayoiita mama, yaani sufuria ya mfano ambayo kalibu zote hukandamizwa juu yake. Ikapasuka karibu na sikio la kushoto. Waliiziba kwa tone la alumini, na tone lile likaacha kinundu. Tangu siku hiyo kila sufuria iliyozaliwa na mama yule ilizaliwa na kinundu, na wanawake wa Kariakoo wakaiita sufuria ya chunjua. Mwanamke alikuwa akifika sokoni, anapapasa chini ya sikio la kushoto, akikuta chunjua analipa. Asipoikuta anaondoka.

Mafundi wa kusubu wana mwiko mmoja ambao haukuandikwa popote: mama halali nje ya kiwanja. Unaweza kumwazima mtu nyundo, ukamwazima hata shati lako. Mama hatoki.

Pantaleo alimtoa.

Ilikuwa Novemba mwaka jana, 1984, miezi mitano tu baada ya bajeti iliyotangaza kwamba mwenye fedha zake za kigeni anaruhusiwa kuagiza bidhaa, na hataulizwa alizipata wapi. Bwana Kishor alifika kiwanjani. Hakuwa mgeni. Kwa miaka minane alikuwa akinunua sufuria za chunjua kwa jumla, na hakuwahi hata siku moja kumpunja Pantaleo. Mtoto wa tatu wa Pantaleo alipougua, ni gari la Kishor lililompeleka hospitali.

"Akaniambia, 'Pantaleo, nakwenda Bombay, nipe ile sufuria ya mfano nikaionyeshe kiwandani,'" anasimulia. "Mimi nikafurahi! Ndugu yangu, nilifurahi mpaka usingizi ukanikataa."

Alifurahi kwa sababu alikuwa ameisikiliza redio kwa makini, na alichokielewa ni kwamba milango ya biashara imefunguliwa. Na mlango, kwa akili ya mtu anayeishi katika nyumba yenye mlango, watu huingia na pia hutoka. Aliamini kwamba sufuria inakwenda kutafutiwa wanunuzi.

"Nikajua Wahindi wa huko wanataka sufuria za Gerezani. Nikamwambia Shaibu tutahitaji tanuru la pili. Nikaisugua mama kwa majivu na mchanga siku nzima, nikaifunga kwenye khanga ya mke wangu, khanga mpya, maana inakwenda ugenini. Sikutaka tuaibike."

Shaibu alimkumbusha mwiko. Pantaleo alimwambia kuwa mwiko huo ni wa zamani, wa wakati wa milango iliyofungwa. Shaibu mpaka leo huurudia msemo huo kila wanapogombana, na hugombana mara kwa mara.

Mwezi Mei mwaka huu meli ikaleta majibu. Mikokoteni ilishusha maboksi mbele ya duka la Kishor tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Pantaleo aliitwa na mchukuzi mmoja anayemfahamu, aliyedhani anamletea habari njema: "Fundi, sufuria zako zimejaa pale!"

Akaenda. Akakuta sufuria nyeupe zinazong'aa, nyepesi, unaziinua kwa kidole kimoja. Masikio ni yale yale, na mdomo umepinda vile vile. Akapapasa chini ya sikio la kushoto.

Kulikuwa na chunjua.

Loo! Watu wa kiwanda huko walidhani ni nembo. Walikuwa wamechonga mashine yao iibonyeze kwenye kila sufuria, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule. Kovu la ajali ya Shaibu limevuka bahari, likaenda kusomeshwa, likarudi na maelfu ya ndugu zake.

"Nilikaa chini palepale dukani," anasema Pantaleo. "Kishor akaniletea soda. Nikainywa. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliinywa ile soda."

Mwandishi alimkuta Bwana Kishor dukani kwake, akiwa na miwani kwenye paji la uso na daftari la oda mkononi. Ni mtu wa miaka hamsini na ushee, aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo tupu. Hakukwepa swali.

"Nilimwambia naenda kuionyesha. Sikumwambia naenda kumtafutia wanunuzi," alisema. "Yeye alisikia anachokitaka. Na mimi, nisikufiche, niliona kwamba amesikia vibaya, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe niambie, nisingeleta mimi, asingeleta mwingine? Miaka mitatu duka hili, ukiondoa sufuria za Pantaleo, lilikuwa na popo. Nilikuwa nafungua mlango ili majirani wasiseme nimekufa."

Aliulizwa sufuria ya mfano iko wapi.

"Waliikata vipande ili waipime unene. Khanga nimemrudishia."

Hayo yangekuwa msiba wa kutosha kwa mtu mmoja, lakini kuna la pili, na hili ndilo lililozima tanuru.

Ili Kishor alete maboksi mengine anahitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazioti kwenye ua wa nyuma. Anazipata kwa kusafirisha kitu nje. Na kitu ambacho nje wanakitaka kutoka Kariakoo, ambacho hakihitaji shamba wala mvua, ni alumini chakavu. Pistoni zile zile. Injini zile zile.

Mwaka juzi Pantaleo alikuwa akinunua alumini kwa shilingi sita kilo. Leo ni shilingi thelathini, na maghala ya Msimbazi yanachukua yote kabla haijafika Gerezani. Sufuria yake nzito ina zaidi ya kilo tatu. Ukiongeza mkaa na jasho, hawezi kuiuza chini ya shilingi 300. Ile ya meli, ambayo haifiki hata kilo moja, inauzwa 220.

Kwa hiyo alumini inatoka Gerezani ikiwa chakavu, inasafiri, inarudi ikiwa sufuria, na katikati ya safari hiyo kazi ya watu saba imebaki huko huko. Wataalamu wanaoandika kwenye magazeti, likiwemo hili, wanasema huu ni mpito na kwamba uchumi utajipanga wenyewe. Wenzake watano wa Pantaleo wamekwisha kujipanga: mmoja analinda ghala, wawili wanauza sigara moja moja, mmoja amerudi Newala, na mmoja amefariki.

"Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema Shaibu. "Mgeni amekuja. Tunamsubiri apige hodi chumbani."

Lakini mtu akitaka kuambiwa kwamba mambo yalikuwa mazuri zaidi zamani, asiende kumuuliza Benedikta, mke wa Pantaleo.

Benedikta anapika wali na maharage kwa wachukuzi wa soko la Kariakoo, chini ya turubai, kwenye majiko matatu ya mkaa. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na wa ulimi pia.

"Andika vizuri, ndugu mwandishi, usiandike ya mume wangu peke yake," alianza kabla hajaulizwa. "Mimi nilijifungua mtoto wa mwisho bila sabuni. Bila sabuni! Jirani alinikatia kipande kidogo tu, akakitoa kama anatoa figo. Leo sabuni iko pale, sukari iko pale, ghali lakini iko. Atakayesema turudi kwenye foleni, atangulie yeye na watoto wake."

Jikoni mwake kuna sufuria tatu. Mbili ni nzito, nyeusi kwa miaka mingi ya moto. Ya tatu inang'aa.

Aliinunua Julai. Kwa wiki tatu aliificha kwa jirani yake, anaichukua asubuhi, anapikia, anairudisha jioni. Pantaleo aligundua bila kuiona. Siku moja alifika kula, akaomba ukoko, maana anaupenda. Alipouweka mdomoni akaacha kutafuna.

"Sufuria yangu inatoa ukoko wa rangi ya dhahabu, unaumega kama mkate," anaeleza. "Ule ulikuwa mweusi katikati, mbichi pembeni. Huo ni ukoko wa bati jepesi. Nikamuuliza, 'Mama Getruda, umepikia nini?' Akaniangalia tu."

"Nilimjibu," anasema Benedikta. "Nilimwambia mkaa umefika bei gani. Sufuria yake inataka nusu saa kuchemka, hii robo saa. Wachukuzi wanakula saa sita, hawawezi kusubiri sufuria ya mume wangu ipate moto. Nampenda mume wangu. Lakini wali naupikia moto, siupikii mapenzi."

Kisha akageuza maharage, akasema kwa sauti ya chini kwamba usiku ule mumewe hakula, na kesho yake pia, na kwamba yeye alilia chooni ili watoto wasimwone.

Ijumaa, siku moja kabla ya jibu, Pantaleo na Shaibu waliwasha tanuru. Walikuwa wamekusanya vipande vya mwisho: kifuniko cha injini, vishikio vya milango, kijiko kilichovunjika. Vilitosha sufuria moja tu. Kwa kuwa mama hayupo, walitumia sufuria ya kawaida, namba nane, kuwa mfano, kitu ambacho fundi mzuri hakifanyi, kwa sababu alumini ikipoa husinyaa kidogo, na nakala ya nakala hutoka ndogo kuliko mzazi wake.

Shaibu alizungusha feni kwa mkono. Pantaleo alimimina. Waliposubiri vya kutosha wakavunja kalibu, wakaitoa kwa koleo, wakaiweka chini, na kifuniko cha namba nane hakikuingia. Kilikaa juu, kikicheza.

Pantaleo alikigeuza kifuniko mara mbili. Kisha akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili yenye vumbi usoni, akalia waziwazi mbele ya mtani wake na mbele ya mwandishi wa habari.

Shaibu hakumtania. Alikwenda kukaa kando ya tanuru. Baada ya muda alisema anarudi Tunduru, kaka yake ana shamba la korosho, na kwamba nauli anayo.

Jumatatu ya juzi mwandishi alipita Mtaa wa Msimbazi. Saa tatu asubuhi Pantaleo alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ghala la Kishor, amevaa shati safi, mzani ukining'inia mbele yake. Mbele yake kulikuwa na watu kama ishirini, wengi wao wanawake, na karibu wote walikuwa wameshika sufuria nzito, nyeusi.

Ni hesabu rahisi. Sufuria kongwe yenye zaidi ya kilo tatu, kwa bei ya ghalani, ni karibu shilingi mia moja. Anayeongeza 120 anaondoka na mpya inayong'aa. Akina mama wanatoa sufuria zao jikoni na kuja kuziuza, na yeye ndiye anayezipima, ndiye anayezipiga nyundo zijikunje, ndiye anayezitia kwenye magunia ya kwenda bandarini.

Aliulizwa kama ana mpango.

"Ninao," alisema, huku akirekebisha ndoano ya mzani. "Kishor ameniahidi kwa mdomo, na safari hii nimemwambia arudie mara mbili mbele ya Benedikta. Nikifanya kazi mwaka mmoja, sehemu ya mshahara nitachukua alumini badala ya pesa. Kilo mia tatu zinanitosha kuanza. Kiwanja bado ninacho. Nimemwachia mke wa jirani ule wavu, kila asubuhi ananichekechea mchanga, nampa shilingi tano. Mchanga haufi."

Na wateja atawatoa wapi, ikiwa sufuria za meli ni nafuu na zinachemka upesi?

Akageukia foleni. Zamu ilikuwa imemfikia mwanamke mmoja aliyejitaja kwa jina la Zamzam, mkazi wa Mtaa wa Msimbazi, mwenye sufuria namba kumi kichwani. Aliitua mbele ya mzani, akampa heshima yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama."

"Hii niliolewa nayo. Eti mlitengeneza nyinyi hizi, kule Gerezani?"

Pantaleo aliitazama sufuria. Hakuigeuza.

"Sikumbuki, mama," alisema. "Tunatengeneza vitu vingi."

Akaitundika kwenye ndoano. Kilo nne kasorobo. Akampa shilingi zake, naye Zamzam akazifunga kwenye pindo la khanga, lakini hakuondoka. Alikuwa akiangalia ng'ambo ya barabara, ambako sufuria za Bwana Kishor zimepangwa nje mpaka kimo cha mtu, jua likizipiga.

"Hebu niambie ukweli, fundi, wewe unayejua vyombo. Hizi mpya zitadumu?"

"Mungu akipenda, mama," alisema Pantaleo, "hazitadumu."

Zamzam alicheka sana, akampiga begani, akavuka barabara kwenda kununua.